Kasoro ya Makusudi

Ukiingia kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga, barabara ya kwenda Kasekese, utaona ukutani limening'inia bomba la chuma limepinda kama pembe ya mbogo. Wateja wapya huuliza ni la nini. Wateja wa zamani huwakanyaga mguu wanyamaze. Mimi mwenyewe huwa sijibu. Leo najibu, tena kwa maandishi, maana habari hii watu wanaisimulia vibaya, na wengine wanaisimulia huku wanacheka.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Mimi niliishia darasa la nne. Baba yangu alikuwa mrina asali huko Ugalla, na mwaka aliodondoka mtini akavunjika nyonga nikaona shule na njaa havikai nyumba moja. Leo nina mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga, nyumba ya bati la msauzi, na injini ya dizeli niliyoifunga kwa mikono yangu hii. Mafundi wawili wenye vyeti walikuja kuitazama ikiwa bado vipande, wakaizunguka kama kuku aliyeona nyoka, wakasema haitawaka. Niliiwasha wakiwa hawajafika barabarani. Umeme siku hizi tunao, sikatai, lakini ukikatika wenye mota wanakaa wanatazamana, mimi naendelea kukoboa. Wateja wanalijua hilo.

Kabla ya hayo yote nilikuwa kibarua. Miaka saba nilifanya kazi kwenye mashine ya mzee mmoja ng'ambo ya mbuga, mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka nilipo sasa. Sitamnyima haki yake: alinifundisha kazi. Alinifundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, nisikie beringi inayolalamika kabla haijafa. Alinifundisha kupima mpunga kwa jino, kama umekauka au bado una maji. Kazi aliijua. Tatizo lake lilikuwa moja, hakutaka mtu mwingine aijue kumzidi.

Sasa kuna desturi ya mashine zetu ambayo lazima niieleze. Mwenye mpunga anaondoka na mchele wake. Pumba zinabaki kwa mwenye mashine, anawauzia wafuga nguruwe na kuku. Hakuna aliyeiandika, lakini kila mtu anaifuata. Na ndani ya desturi hiyo kuna nyingine ndogo: kibarua wa mashine, kila Jumamosi, anachukua kiroba kimoja cha pumba anapeleka nyumbani. Nimefanya hivyo miaka saba na hakuna aliyeninyooshea kidole.

Jumamosi ile foleni ilikuwa ndefu, ilikuwa msimu wa mavuno. Mama mmoja alifika na gunia lake, mzee akataka kulipokea, yule mama akasema kwa sauti, bila ubaya wowote, "Aa, mzee, leo naomba anikobolee huyu kijana. Wewe siku hizi unanivunjia mchele." Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, lakini nilimwona shingo imemvimba.

Jioni nikachukua kiroba changu. Akaniita mbele ya watu wote.

"Wewe. Hiyo nini?"

"Pumba zangu za Jumamosi, mzee."

"Zako? Umelima wapi?"

Watu wakacheka tena, safari hii kwa niaba yake.

"Weka kichwani," akasema. "Zunguka uwanja mara tatu. Na unavyozunguka useme, mimi ni mwizi wa pumba. Usiposema, hapa usirudi, na nitahakikisha hakuna mashine Mpanda nzima itakayokupokea."

Nilikuwa nimeoa mwaka huohuo. Nilikuwa na deni la mahari na mke mwenye mimba. Nilizunguka. Kiroba kilikuwa kimetoboka, pumba zikawa zinanimwagikia usoni, zinashikamana na jasho, zinaingia mdomoni kila nikitaka kusema yale maneno. Niliyasema. Na kwenye foleni, mtu wa nne kutoka mbele, alikuwa amekaa mama mkwe wangu.

Kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na hawazungumzi ila kupitia mtu wa katikati. Ni heshima. Lakini heshima ile ni ya kuinamisha macho tu, si zaidi ya hapo. Yule mama aliinuka, akajifunika kanga kichwani, akageuka mzima mzima, akanipa mgongo mpaka nikamaliza mizunguko yote mitatu. Mimi nikajua amenionea aibu. Nikajua anajuta kwa nini alimtoa binti yake kwa mtu wa namna hii.

Sikurudi kazini Jumatatu. Nilijiwekea nadhiri, na sikumwambia mtu hata mke wangu: mzee yule atabeba pumba kichwani, uwanjani kwangu, mchana kweupe, watu wakiwa kwenye foleni. Sikutaka afe wala afilisike, nilichotaka ni hicho tu.

Nadhiri hiyo ndiyo iliyonijenga, wengine wanasema ni Mungu, nami namshukuru, lakini aliyekuwa ananiamsha alfajiri ni yule mzee. Nilibeba maharage kwa pikipiki kutoka Mwese, barabara ambayo ikinyesha unaibeba pikipiki badala ya yenyewe kukubeba wewe. Niliingia machimbo. Nilikaanga samaki stendi. Nikanunua injini iliyokuwa imelala kwenye majani, kuku wameshaigeuza kiota, na kinu cha kukobolea kwa mjane mmoja. Kiwanja nikakitafuta makusudi. Nilikataa viwanja viwili vizuri kuliko hiki kwa sababu kutoka huko paa la mzee lilikuwa halionekani.

Sasa honi. Mashine zote za huku zinawekwa kikopo kwenye bomba la moshi ili zilie tuku tuku tuku, watu wajue mashine iko wazi. Mimi nikasema kikopo ni cha wanyonge. Nilitaka kitu ambacho mzee akiwa anakunywa chai yake asubuhi, chai imrudie puani. Nilichukua bomba nene, nikalipinda kwa moto, nikachomelea kizibo chenye tundu jembamba ndani yake, nikaweka na koki. Koki ikifungwa injini inalia kawaida. Koki ikifunguliwa moshi wote unapita kwenye pembe.

Mke wangu alisimama mlangoni siku ya kujaribu, mikono kiunoni. "Baba watoto, hilo ni la kuita wateja au la kuwafukuza?"

"Wewe subiri usikie."

Nikafungua. Jamani. Ililia kama mbogo aliyepigwa risasi ya tumbo. Mbwa wa mtaa mzima walijibu. Kuna mtu aliniambia aliisikia akiwa Kasekese yenyewe, ingawa huyo nadhani aliongeza chumvi. Watu wakaipa jina siku hiyohiyo, wakaiita Mbogo. "Twende kwa Mbogo tukakoboe." Nilitembea nimetanua kifua kama jogoo. Nikitazama ng'ambo ya mbuga, lile paa dogo, nasema moyoni, kunywa chai sasa.

Wiki mbili zilipita vizuri. Kisha akaja baba mmoja Msukuma, mfugaji na mkulima mkubwa wa mpunga, na mkokoteni wa ng'ombe uliojaa magunia mpaka unalia. Maksai wanne, weusi, wanene. Mteja wa namna hiyo ukimpata amekuletea na ukoo wake wote. Nilimwona anakunja kona kuingia uwanjani, nikaona nimpe heshima yake. Nikafungua koki.

Wale maksai walisimama kwanza, kama wanafikiri. Kisha waligeuka wote wanne kwa pamoja, wakapita kwenye ua wangu wa miti, wakapita kwenye kamba ya nguo za mke wangu, wakapita juu ya sufuria ya uji ya mama muuza uji anayekaa getini kwangu, wakatoka na mkokoteni wao na shuka langu moja limewaning'inia kwenye nira. Mwenyewe anakimbia nyuma na fimbo, anaita kila ng'ombe kwa jina lake. Walikimbia barabara ya mbuga moja kwa moja bila kusimama mpaka uwanjani kwa mzee. Kwa nini huko? Kwa sababu miaka yote ndiko walikokuwa wanakunywa maji. Ng'ombe akiogopa anakwenda anakokujua.

Mzee aliwajazia maji kwenye birika lake la kunyweshea. Akamkobolea yule baba mzigo wote.

Jioni yule baba alipita kwangu kunirudishia shuka. Mtu muungwana. Akavua kofia.

"Ndugu yangu, mimi nilikuwa nakuja kwako. Ng'ombe ndio waliokataa."

"Pole sana, baba. Ni bahati mbaya tu."

"Na mzee wa ng'ambo anakusalimia." Akakohoa kidogo, nikaona anazuia cheko. "Amesema ongeza sauti. Kuna maksai wengine wa Mwese bado hawajasikia."

Mwenye akili hapo angelitoa lile bomba. Mimi nililirefusha. Nilisema tatizo ni kwamba halijatisha vya kutosha, likitisha zaidi mzee atafunga. Nikachomelea kipande kingine, sauti ikawa nzito zaidi. Wenye mikokoteni wakaanza kushusha mizigo mbali barabarani na kubeba kwa mgongo, halafu wakachoka kubeba, wakaacha kuja. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuliona kabisa. Mtu akishazoea kukusikia ukiwa wazi, atakusikia pia ukiwa kimya. Nikizima kidogo nibadilishe mkanda au niongeze dizeli, mbuga nzima inajua. Kina mama waliokuwa njiani na magunia kichwani walikuwa wanasimama, wanasikiliza, wanasema, "Mbogo amelala," wanageuka kwenda ng'ambo. Mzee alikuwa na kikopo tu, sauti yake haifiki mbali. Hakuna aliyejua kama kazima, kwa hiyo watu walidhani yuko wazi siku zote. Na nilikuja kuambiwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa anakaa kivulini injini imezimwa, anasubiri Mbogo anyamaze, ndipo anawasha. Nilikuwa namfanyia kazi tena, bure, bila hata kiroba cha Jumamosi.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ana ofisi ya kutengeneza kompyuta pale Mpanda mjini. Alikuja kutusalimia Jumapili baada ya misa, akanikuta nimevua bomba nalikagua, nimelifungua mpaka kizibo.

"Shikamoo mjomba. Limeharibika?"

"Marahaba mama. Linawafukuza wateja. Natafuta hitilafu iko wapi."

Akalichungulia, akalipuliza, akaniuliza lilikuwa linatakiwa lifanye nini. Nikamwambia. Akauliza, na linafanya hivyo? Nikamwambia linafanya hasa, tena kuzidi. Akacheka.

"Basi mjomba halina hitilafu."

"Usinitanie. Ng'ombe wanakimbia."

"Sikiliza. Hitilafu ni pale kitu kinapokataa kufanya ulichokitaka. Waya umekatika, nati imelegea. Hiki chako kinafanya ulichokitaka, neno kwa neno, na ndicho kinachokuumiza. Kwenye kazi yetu vitu hivi vina jina lake. Tunaita kasoro ya makusudi."

"Nani anaweka kasoro makusudi?"

"Anaweka akidhani ni uzuri. Si unaona simu yako inavyojibadilishia maneno? Ukimwandikia mke wako hivi, inapeleka vile?"

Hilo nililijua. Simu hiyo iliwahi kumpelekea paroko ujumbe wangu ambao mpaka leo nikimwona nabadili njia.

"Mtu alikaa akafikiri, nimsaidie huyu kuandika. Akaitengeneza vizuri kabisa. Inafanya kazi sawasawa. Ndiyo maana inakera." Akanirudishia bomba, akajifuta masizi kwenye gazeti. "Hitilafu unamwita fundi na spana yake. Kasoro ya makusudi spana haiisaidii, mjomba. Inabidi umtafute aliyeitaka, umwambie aache kuitaka."

"Aliyeitaka ni mimi."

"Nakuona."

Sikupenda kuambiwa hivyo na mtoto niliyembeba mgongoni. Lakini mimi si mtu wa kukataa ukweli ukiwa na faida. Jumatatu niliweka kikopo cha kawaida kama mashine nyingine, na Mbogo nikamtundika ukutani. Nikachimba na birika la saruji la kunyweshea ng'ombe, kubwa mara mbili ya la mzee. Baada ya mwezi maksai walikuwa wanaingia kwangu wenyewe, na yule baba Msukuma akarudi na ukoo wake kama nilivyosema. Nawaambia haya mjue kwamba nikikosea najirekebisha haraka kuliko waliosoma.

Mzee alibaki na wateja wa jirani tu. Halafu, msimu uliofuata, shafti ya kinu chake ilikatika. Nilizipata habari kabla hata chuma hakijapoa. Fundi alikwenda kutafuta nyingine mbali, ikachelewa. Na mzee alikuwa na harusi ya mjukuu wake Jumamosi hiyo, wageni wa kutoka Sumbawanga na Tabora, na mpunga uko stoo haujakobolewa. Watu wakaniuliza, atakwenda wapi? Nikasema, mashine ni nyingi. Lakini nilimwambia mke wangu anifulie shati jeupe.

Alikuja Alhamisi asubuhi. Pikipiki mbili zimebeba magunia, yeye nyuma ya moja, koti lake lilelile la kijivu. Alikuwa amezeeka. Hilo sikuwa nimelipanga; kichwani mwangu alikuwa amebaki vilevile, na shingo yake ile. Uwanja umejaa, mikokoteni mitano, kina mama kwenye foleni. Na mama mkwe wangu alikuwamo, kwa sababu siku hizi yeye anakoboa kwangu, anakaa upande wa ukuta asinitazame.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Foleni inaanzia wapi?"

"Inaanzia pale mwisho. Kwangu hakuna upendeleo."

Akaenda mwisho. Alikaa juu ya gunia lake saa tatu nzima. Kuna aliyetaka kumpisha, nikamtazama, akarudi kukaa. Zamu yake ilipofika nilimkobolea mwenyewe, kwa mikono yangu. Mchele ulitoka mweupe, mzima, hakuna uliovunjika. Nilichota kiganjani nikamwonyesha. Akaweka punje moja kwenye jino, akatikisa kichwa kukubali. Pikipiki zikapakia magunia yote mpaka hakuna nafasi ya kuweka hata kuku, zikatangulia. Yeye akabaki, atarudi kwa mguu.

Hapo nikaleta kiroba. Nilikuwa nimekijaza pumba zake zote, nimekishona mdomo. Nikakiweka miguuni pake.

"Zako hizi, mzee."

Akanitazama. "Pumba? Si za mwenye mashine?"

Nikapaza sauti, mpaka wa mikokoteni wasikie. "Kwako wewe! Kwangu mimi mwenye mpunga ndiye mwenye pumba! Kwangu mtu haachi kitu chake, wala haitwi mwizi kwa kitu chake!"

Foleni nzima ikageuka kututazama.

"Pikipiki zimeshaondoka," akasema polepole.

"Kichwa unacho, mzee."

Akainama akakigusa kile kiroba, akakizungusha, kama anatafuta kitu. "Ilikuwa Jumamosi," akasema. "Nakumbuka. Kilikuwa kimetoboka. Hiki umenitafutia kizima."

"Nimekuchagulia kizima. Mimi si kama wewe."

Akavua koti. Akalisokota akafanya ngata, akaiweka kichwani, akapiga goti kunyanyua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na shati langu jeupe, nasubiri kicheko. Miaka yote nilikuwa nakisikia kile kicheko, nakijua hata nani atakianza. Hakikuja. Yule baba Msukuma akaja upande mmoja, mama muuza uji upande wa pili, wakamtwisha. "Pole mzee, taratibu, mzee." Wenye mikokoteni wakasogeza ng'ombe wao apite. Akapita katikati yao, amenyooka, hatua fupi fupi, na kila aliyempita alimwambia shikamoo. Walipomaliza kumtazama yeye wakanigeukia mimi.

Mama mkwe wangu aliinuka. Akajifunika kanga kichwani. Akageuka, akanipa mgongo, vilevile kama siku ile. Kisha akasema na mama muuza uji, lakini kwa sauti ya kufika.

"Mwenzangu, mwambie mwenye mashine. Mwambie siku ile kule ng'ambo niligeuka ili nisimwone mkwe wangu akiaibika. Na leo nimegeukia hilohilo."

Mama muuza uji hakunifikishia. Hakukuwa na haja.

Nilirudi kwenye mashine nikajifanya nakaza nati. Mama muuza uji ndiye aliyekuwa na zamu inayofuata, na gunia lake dogo. Nilimkobolea, nikamfungia mchele wake, nikataka kuendelea.

"Na zangu?" akasema.

"Zako nini tena?"

"Pumba zangu. Si umesema kwako mwenye mpunga ndiye mwenye pumba? Au ni za wazee wa koti tu?"

Na hapo kicheko kikaja. Kilikuwa kilekile nilichokisubiri, kirefu, cha uwanja mzima, na yule baba Msukuma anajipiga mapaja. Kilikosea tu mtu. Ningefanyaje? Nilikuwa nimelisema mbele ya foleni nzima kwa mdomo wangu. Nilimpa. Aliyefuata akadai. Aliyefuata naye. Kabla ya jua kutua habari ilikuwa imevuka mbuga, na Ijumaa watu walikuja na viroba vyao mkononi.

Mpaka leo ni hivyo. Mashine yangu ndiyo pekee huku ambayo mteja anaondoka na mchele na pumba zake, na foleni ni ndefu kuliko zote, hilo nalo naliandika. Lakini nilikuwa na nguruwe kumi na wanne waliokuwa wanakula pumba za mashine, na pumba zikaisha. Shafti ya mzee ilishafungwa, na kwake pumba bado zinabaki kwa mwenye mashine. Akamtuma mpwa wangu, ambaye alikwenda kumtengenezea simu. "Mwambie mjomba wako pumba zipo. Aje tu achukue. Jumamosi ni siku nzuri."

Mpwa wangu alinipa salamu hizo anakaza midomo. "Mjomba, hii nayo ni hitilafu?"

"Nyamaza."

"Mimi nauliza tu. Kwamba nimtafute fundi au nimtafute aliyeitaka?"

Niliwauza nguruwe wote kumi na wanne wiki ileile. Zizi nimeligeuza stoo ya dizeli. Sitabeba pumba kutoka uwanja ule mara ya pili, hata nikila ugali wa chumvi, na mzee huyo akitaka kunisamehe anisamehe akiwa hukohuko ng'ambo. Mimi sijamsamehe. Kubeba amebeba, na nilimwona. Hilo haliwezi kufutwa.

Ila kuna kitu huwa nakiona jioni, mashine inapoanza kupoa. Wanatoka getini mmoja mmoja, kina mama, mchele wanautanguliza kwa pikipiki na kiroba cha pumba kila mmoja kichwani, safu ndefu mpaka kwenye kona ya barabara. Nilitaka kumwona mtu mmoja tu akitoka hapa na pumba kichwani. Sasa nawaona wote, kila siku, na yeye hayumo. Mama mkwe wangu huwa wa mwisho. Anapita karibu na ukuta uliotundikwa Mbogo, na anapita amenipa mgongo.